Shangazi wa Chuma

Kanisani, matangazo yakianza, watu huanza kutafuta viatu vya watoto. Ni desturi. Lakini kwa miaka miwili, kwenye kigango kimoja cha Kibondo, watu walikuwa wakichelewa misa na kuwahi matangazo, kwa sababu aliyekuwa akiyasoma ni Winifrida Manirambona. Winifrida alikuwa na sauti ambayo ukiisikia unadhani inakujua kwa jina. Akisema mbuzi wa mtu amepotea, unamwona mbuzi, na unamwona aliyemla.

Kilichomponza ni ndoa. Alikuwa akitangaza kwa mara ya tatu ndoa ya bwana mmoja mwenye shamba kubwa, akafika pale pa mwenye kujua kizuizi aseme, akainua macho na kuongeza lake: "Na wewe mwenye gauni la kijani, benchi la nne, kama unaogopa kusema kohoa tu, tutaelewa." Alikuwa anatania. Gauni la kijani likakohoa. Harusi imeahirishwa mpaka leo, na Winifrida akaambiwa apumzike, kwa ile sauti ya kanisa ambayo ukiambiwa upumzike ujue umefukuzwa.

Ndipo akaenda Kasulu kwa dada wa baba yake, Shangazi Ntirampeba, anayeshona sare za shule karibu na stendi. Kwa watu wa huku shangazi si mtu wa kuchezewa. Shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Ndiye anayekufunda ukiolewa, ndiye anayesema mchumba huyu anafaa na yule arudishwe alikotoka. Asubuhi humpiti ukamwambia "mambo" na kuendelea na safari. Unainama, unakunja magoti, unakutanisha viganja na kupiga makofi polepole, "Mwakeye, shangazi," halafu unabaki huko huko chini mpaka amalize kuuliza habari za watu wote, pamoja na waliokwisha kufa. Kuna asubuhi Winifrida aliinuka mguu mmoja umekufa ganzi.

Akajifunza kukata, kushona, kupiga pasi. Mikono ikapata kazi. Mdomo ukabaki bila ajira, na mdomo usio na ajira hauna tofauti na kijana asiye na ajira: unazurura. Ulizurura hadi banda la video la Mzee Pasikali, hatua mia kutoka kwenye cherehani.

Mabanda haya kila mtu anayajua. Mpira ukiwepo mnaangalia mpira. Usipokuwepo mnaangalia filamu za nje ambazo dijei wa Dar amezisimulia juu kwa juu kwa Kiswahili, akimwita polisi wa Korea "afande" na mke wake "mama Juma". Winifrida aliwasikiliza madijei hao kama mpishi anayekula kwa jirani: anatafuna, anatabasamu, huku moyoni anasema chumvi hii ningeitia mimi.

Siku moja akamfuata mwenye banda.

"Mzee Pasikali, shikamoo. Nipe maiki Jumamosi moja. Unazima sauti, nasimulia mwenyewe."

"Marahaba. Wewe?" Mzee Pasikali alimtazama kama anayepima kitambaa. "Binti yangu, sauti ya mwanamke kwenye spika ni ya tangazo la chanjo. Watu wakiisikia wataanza kutafuta kadi za kliniki."

"Wakizitafuta watakuwa wamekaa, mzee. Si unataka wakae?"

Mzee Pasikali akacheka, na mtu akishakucheka ameshafungua mlango nusu. "Filamu zote zimeshasimuliwa na wenye kazi yao. Niletee kitu ambacho hakijawahi kusimuliwa na mtu. Watu wakikaa mpaka mwisho, maiki ya Jumamosi ni yako. Wakitoka katikati, urudi kwenye cherehani na usiniulize tena mpaka parapanda ilie."

Basi Winifrida alikuwa na nafasi moja, na hakuwa na cha kuonyesha.

Aliyemwokoa ni Floribert, Mkongomani wa Nyarugusu, ambaye siku akipata kibali cha kutoka kambini alikuja mjini kununua vifaa vya kutengenezea simu. Floribert alikuwa na pleistesheni kuukuu aliyoachiwa na mfanyakazi wa shirika moja alipomaliza mkataba. Kwa kuwa umeme wa kambini ni wa kubahatisha, mashine ilikaa kwa fundi simu, ukuta kwa ukuta na cherehani ya Shangazi. Na ilikuwa na sidii moja tu, gemu yenye maandishi ya Kijapani tangu mwanzo mpaka mwisho. Jina lake hakuna aliyelijua. Vijana waliiita gemu ya koti.

"Dada, hii gemu iko muzuri kabisa," Floribert alimwambia, pedi mkononi. "Lakini hadisi yake mi siielewe ata kidogo. Tunapigana, tunapigana, vwala, mwangaza unawaka, tunaenda pengine."

"Umefika mpaka wapi?"

"Mpaka ku munara. Kule juu kabisa sijafika. Kila siku umeme njo unanikatiaka pale."

Winifrida akavuta kigoda na kutazama. Ulikuwa mji wa miaka mingi ijayo, wote vioo na taa za zambarau, mvua inanyesha saa zote na hakuna hata mmoja anayelima. Katikati ya mvua hiyo alitembea msichana mwenye panga jembamba linalowaka na koti jeupe refu mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na hilo koti! Winifrida alisahau gemu, akatazama ushonaji. Mabega yamekaa, kola imesimama bila kuambiwa, nyuma limepasuliwa mpaka kiunoni ili mtu akiruka liruke naye. Msichana akigeuka, koti linachelewa kidogo kugeuka, kama linavyofanya koti la kweli lenye bitana nzito.

"Aliyeshona hili anajua kazi," alisema. "Ila halina mfuko hata mmoja. Nauli anaiweka wapi?"

"Dada, tazama vita."

Akatazama vita, na vita navyo vilikuwa na mshono. Kulikuwa na jambo moja lililomfanya aweke mkono mdomoni. Adui akipiga, na Floribert akikwepa dakika ya mwisho kabisa, upana wa uzi kabla ya kuumia, dunia nzima ilipunguza mwendo. Matone ya mvua yalisimama hewani. Koti likafunguka polepole kama ua, msichana akapita katikati ya panga na panga, bila haraka, kama bibi harusi. Halafu dunia ikarudi mbio. Winifrida aliomba arudie mara sita.

Lakini mtu wa cherehani haishii kusifia upande wa nje; lazima ageuze nguo aone ndani. Na ndani ya gemu ile nyuzi zilikuwa zinaning'inia. Maadui walikuwa wengi, lakini wote wamekatwa kwa patani moja: kichwa kile kile, kifua kile kile, hata kilema kile kile cha mguu wa kushoto. Kati ya vita na vita kulikuwa na korido ndefu zisizo na mtu wala kiti, msichana anatembea tu mpaka unapitiwa na usingizi. Kamera nayo ilikuwa na tabia mbaya. Pigano likikolea inakwenda kujificha nyuma ya nguzo, unasikia kelele na kuona saruji. Na hadithi ndiyo usiseme. Watu walitokea, wakaongea kwa huzuni, wakafa kabla hujawajua. Kitambaa cha hariri, fundi hakupima mteja.

"Itafaa," alisema Winifrida.

"Juu iko na makosa mingi?"

"Kwa sababu ina makosa mengi. Nguo isiyo na matundu sindano inaingia wapi?"

Jumamosi ilipofika, saa tisa alasiri, banda lilikuwa limejaa, na wengi walikuja kumwona mwanamke akiaibika. Bodaboda walikuwepo, wauza maharage wameacha magunia kwa majirani, walimu wawili wamejifanya wanapita. Benchi la mbele kabisa, na kitenge chake cha Pasaka, alikaa Shangazi Ntirampeba. Mzee Pasikali alisimama mlangoni, mikono kifuani, akilinda masharti. Floribert akashika pedi. Winifrida akapuliza maiki.

"Mabibi na mabwana, huyu mnayemwona amelowa ni Ininahazwe. Sisi wa nyumbani tunamwita Inina. Kwao ni Kagerankanda, lakini alikwenda mjini kusoma diploma. Diploma haikuisha, koti ndilo lililoisha kushonwa."

Kicheko cha kwanza kilipanda mpaka kwenye mabati, na Winifrida akajua mdomo wake umepata ajira.

Kuanzia hapo kila tundu la gemu alilitia uzi. Maadui walipotokea kundi zima, sura moja, alisema, "Hawa msiwashangae, mama yao ni mmoja, yuko Kasanda, alijifungua kwa mkupuo mmoja na wote walianguka kwenye ngazi ile ile." Kamera ilipokimbilia nyuma ya nguzo, alishusha sauti: "Hapa Inina anarekebisha mkanda wa gaguro. Tumpe faragha." Na korido zile ndefu, ambazo zingeua onyesho la mtu mwingine yeyote, ndizo alizozipenda zaidi. Alizisomea matangazo. "Tangazo. Ghorofa ya saba hakuna maji tangu Jumanne. Tangazo. Amepotea roboti mmoja wa rangi ya kijivu, mara ya mwisho alionekana ameongozana na roboti wa watu." Watu walifikia mahali wanaomba korido nyingine.

Kila Floribert alipokwepa upana wa uzi na mvua ikasimama hewani, Winifrida alikaa kimya. Hicho ndicho madijei wa Dar hawakijui. Banda zima lilishusha pumzi pamoja naye.

Kisha wakafika juu ya mnara, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.

Mlango ukafunguka. Akatoka mtu mrefu, chuma kitupu kuanzia kichwani hadi nyayoni, lakini kwa kiuno na mwendo ni mwanamke, tena mtu mzima. Muziki ukanyamaza. Na hapo Inina, ambaye tangu mwanzo hakumwinamia mtu, akasimama mbele ya yule wa chuma, akakunja magoti, akainama, akakutanisha viganja viwili.

Huko walikoitengeneza gemu labda ni heshima ya wapiganaji. Winifrida hakuwa na muda wa kuwaza huko walikoitengeneza. Aliona magoti, aliona viganja, na mdomo ukatangulia.

"Mwakeye, shangazi!" alisema. "Ndugu zangu, huyu si adui! Huyu ni shangazi yake Inina, dada wa baba, waliyepoteana naye tangu vita!"

Banda likalipuka. Kina mama walipiga vigelegele. Mtu mmoja nyuma alifuta macho. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote ya siku ile, na ulidumu kama pumzi nne. Halafu kengele ikalia, mstari mwekundu wa uhai wa yule wa chuma ukajitokeza juu ya skrini, na Floribert, ambaye kazi yake ni kupigana, akaruka na kumchapa yule shangazi wa chuma panga la bega.

"Winifrida!" Ilikuwa sauti ya benchi la mbele. "Anampiga nani?"

"Shangazi, subiri kidogo..."

"Nakuuliza anampiga nani. Si umesema ni shangazi yake?"

"Amesema!" mama wa maharage akadakia. "Tumesikia wote!"

"Shangazi hapigwi!" alisema mwalimu mmoja, aliyesahau kwamba alikuwa anapita tu. "Hata kwenye gemu!"

Floribert akaondoa vidole kwenye vitufe, naye Inina akala ngumi mbili za chuma. "Dada," alinong'ona, "tukingoja hivi tunakufa. Nifanye nini?"

Bodaboda wawili wakasimama, wakajikung'uta suruali, wakaanza kuelekea mlangoni. Mzee Pasikali akawapisha kidogo, akamtazama Winifrida kwa macho ya mtu anayeona sharti lake linatimia. Nyuma yao benchi zima lilikuwa linanyanyua makalio.

Angeweza kusema amekosea, huyu si shangazi, ni jirani tu. Lakini mtu aliyesimulia kwa saa nzima akikiri kwamba haoni mbele kuliko wao, ameirudisha maiki mwenyewe. Winifrida akajiuliza swali la kawaida kabisa: mimi shangazi akinijia juu, huwa nafanya nini? Sipigi. Sikimbii pia, maana kukimbia ni kukubali kosa. Nakwepa maneno yake moja moja, kwa adabu, mpaka achoke.

"Floribert," alisema, tena ndani ya maiki ili wote wasikie, "usimguse. Kwepa tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hasira zimwishe. Shangazi kakasirika, na ana haki. Inina alichumbiwa huko mjini bila shangazi kuambiwa. Hakupelekewa hata kibuyu cha pombe ya ndizi!"

"Eeeh!" banda zima likasema, kwa sauti ya watu waliopata kesi.

Yule wa chuma akaja mbio. Floribert akangoja, akangoja, akakwepa upana wa uzi. Mvua ikasimama, koti likafunguka, na ngumi ya shangazi ikapita ikajigonga kwenye nguzo. Mstari mwekundu ukapungua, kidogo sana, kama ncha ya sindano. Winifrida akauona. Floribert naye akauona.

"Anajiumiza mwenyewe ku nguzo," alisema.

"Hasira hasara," alisema Winifrida, na watu wakaitikia kama litania.

Pigano ambalo waliolitunga walikusudia liishe kwa dakika tano lilichukua dakika arobaini. Yule wa chuma hakuwa na jipya: mbio, ngumi, nguzo, mbio, ngumi, nguzo. Kwa mchezaji wa kawaida ingekuwa adhabu. Kwa Winifrida ilikuwa baraza. Kila ngumi aliipa lalamiko. Hii ya kutonisalimia Krismasi. Hii ya kumpa mama mkwe kitenge kabla yangu. Banda likagawanyika pande mbili, upande wa Inina na upande wa shangazi, wakajibizana juu ya kichwa cha Floribert aliyekuwa akitoka jasho mpaka kwenye kidevu.

"Aombe radhi!" walidai wa upande wa shangazi.

"Ataombaje na anakimbizwa?" walijibu wengine.

Wale bodaboda wawili walikwama mlangoni, mguu mmoja nje na mmoja ndani, wakiziba mwanga.

Mwishowe mstari mwekundu ukabaki uzi. Yule wa chuma akapiga goti. Juu ya skrini kikawaka kitufe kimoja kikubwa, kinapwita, na panga la Inina likajiinua lenyewe. Hata asiyejua Kijapani alielewa kinachotakiwa.

"Dada, kama sibonyeze, ataamka na uhai wote, kama wale wakubwa wa kule chini," Floribert alisema. "Hii gemu haina njia ingine. Iko moja tu."

Winifrida akamtazama shangazi yake wa nyama na damu. Shangazi Ntirampeba alikuwa ameegemea mbele, mikono imebana kitenge. Kisha Winifrida akatazama tena skrini, akatazama lile vazi la chuma kwa jicho la kazi, na akauona mstari mwembamba uliotoka begani mpaka kiunoni, pale bati lilipokutana na bati.

"Bonyeza," alisema.

Panga likashuka. "Msifumbe macho!" alipaza sauti. "Angalieni linapopita! Linafuata mshono! Inina hakati, anafumua! Anamfumua shangazi yake kutoka kwenye chuma alichoshonewa na maadui!"

Na kweli panga lilipita pale pale, begani mpaka kiunoni. Bati likafunguka vipande viwili, kofia ya chuma ikadondoka, na chini yake ukatokea uso wa mwanamke mwenye mvi. Ulikuwa uso wa Inina. Macho yale yale, kidevu kile kile, pua ile ile, umri tu umeongezeka. Watunzi walikuwa na maelezo yao, bila shaka, kuhusu mashine na binadamu wa kunakiliwa. Kasulu hawakuyahitaji.

"Uso ule ule!" alipiga kelele mama wa maharage. "Kweli ni shangazi! Damu haipotei!"

Vigelegele vikazidi vile vya kwanza. Watu walikumbatiana kama waliofiwa ambao mtu wao amefufuka. Gemu, kwa jinsi ilivyokosa adabu, haikuwapa hao wawili hata neno moja la kupatana. Ikazima taa papo hapo na kuanza kupandisha majina ya Kijapani. Winifrida akayachukua. "Hawa ni waliochangia pombe ya ndizi ya upatanisho," alisema. "Kama hujaona jina lako, mwone mweka hazina." Watu wakakaa mpaka jina la mwisho.

Mzee Pasikali akazima projekta. "Makubaliano yalikuwa wasitoke," alisema. "Hawa wawili wametoka."

"Nani katoka?" bodaboda mmoja akaruka. "Tuna miguu minne hapa, miwili iko ndani."

"Na vichwa vyote viwili," alisema mwenzake.

Mzee Pasikali akawatazama, akatazama mabenchi ambayo bado hayajapungua mtu, akakuna shingo. "Maiki ni yako," alimwambia Winifrida. "Lakini gemu hii usiilete tena. Wataniletea kesi za mashangazi kila wiki, na mimi sina hakimu."

Siku hizi ukimtaka Winifrida Jumatatu hadi Ijumaa, yuko kwenye cherehani. Jumamosi usimtafute huko. Vijana wakimuuliza kama gemu ya koti inafaa kununuliwa, hawapi jibu la haraka. Anasema koti ni la kwanza duniani, na kule kukwepa upana wa uzi peke yake kunatosha kumfanya mtu asahau njaa. Anasema korido wangezikata nusu, maadui wangewabadilishia patani, na kamera wangeifunga kamba kama mbuzi. Halafu anasema kosa kubwa ni lile la mwisho, la kumpa mtu kitufe kimoja tu mbele ya mtu mzima aliyepiga goti.

"Aliyeitunga," humalizia, "hakulelewa na shangazi."

"Alilelewa naye," husema Shangazi Ntirampeba, bila kuinua macho kwenye sindano. "Shangazi wa kutisha vile mtu habuni tu."